Darasa la Kwanza linaisha na mtoto hajaanza kusoma: namna ya kumsaidia nyumbani, hatua kwa hatua

Mtoto anayechelewa kusoma Kiswahili mara nyingi amekwama mahali pamoja tu. Mmoja hajui sauti za herufi tatu nne. Mwingine anazijua zote lakini hawezi kuziunga. Mwingine anaunga silabi moja moja bila shida, ila akikuta mb au ng' anasimama kama aliyefika ukutani. Mzazi asiyejua mtoto amekwama wapi humrudisha mwanzo kabisa, a e i o u kila jioni, na mtoto anaimba anachokijua tayari huku asichokijua kikibaki palepale. Kwa hiyo tutapima kwanza, ndipo tufundishe.

Ninafundisha Darasa la Kwanza hapa Tanga, na nawaandikia akina mama, akina baba, mashangazi na mabibi wa Ngamiani, Makorora, Chumbageni, Pongwe na kwingineko ambao ndio wanaokaa na mtoto jioni. Huhitaji kuwa na cheti cha ualimu. Kinachotakiwa ni mtu anayejua kusoma, mwenye dakika 15 kwa siku, asiye na hasira za karibu.

Je, kweli amechelewa?

Mtoto wa miaka mitano ambaye hajui kusoma hajachelewa kitu. Darasa la awali ni la kuzoea shule, kushika penseli, kuimba na kulitambua jina lake likiandikwa. Kazi yenyewe ipo Darasa la Kwanza na la Pili. Mtaala wa madarasa hayo mawili ulioanza kutumika 2015 uliweka uzito kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na Darasa la Pili likiisha watoto hupimwa kitaifa.

Mimi hupima hivi. Ikifika likizo ya Juni ya Darasa la Kwanza, mtoto awe anajua sauti za herufi nyingi na anaunga silabi nyepesi kama ma, ki, su. Desemba awe anasoma maneno ya silabi mbili tatu na sentensi fupi. Darasa la Pili likiisha, asome hadithi ya nusu ukurasa na akuambie imehusu nini. Akipungukiwa kidogo msaidie bila kelele, wengi huja juu wenyewe. Lakini aliyefika katikati ya Darasa la Pili na bado hawezi kuunga ta na bu, huyo usimsubiri tena.

Kuna kauli mbili utazisikia kwa ndugu na majirani. "Huyu mzito, hata baba yake alichelewa." Na, "Mwacheni, atajua tu akikua." Ya kwanza mtoto anaisikia na anaiamini. Ya pili inakula mwaka mzima, na mwaka huo wenzake wameshaingia kwenye sayansi na historia, masomo ambayo lazima uyasome ndipo uyajue.

Msimlaumu mwalimu haraka pia. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, madarasa ya chini katika shule nyingi za serikali yamejaa, na mwalimu mmoja hawezi kumsikiliza kila mtoto peke yake kila siku. Watoto wanasoma kwa kuitikia pamoja. Katika kuitikia, asiyejua anajificha vizuri sana: anafungua mdomo nyuma kidogo ya wenzake, na ukisimama mbele ya darasa huoni tofauti.

Kabla ya kitabu: macho, masikio, usingizi

Mtazame akiwa hajui kama anatazamwa. Anasogeza daftari hadi puani? Anakunja macho kuangalia ubao au televisheni? Anageuza kichwa asome kwa jicho moja? Anaruka mistari? Hayo ni ya macho. Kuhusu masikio, fikiria kama amekuwa akitokwa na usaha mara kwa mara, au ukimwita kutoka nyuma haitiki mpaka upaze sauti. Simama nyuma yake hatua tatu nne, sema kwa sauti ya chini maneno yanayokaribiana, pata, bata, kata, naye ayarudie. Akiyachanganya kila mara, au ukiwa na shaka ya macho, mpeleke kituo cha afya kilicho karibu nawe, wakiona haja watakuandikia rufaa kwenda Hospitali ya Bombo. Mtoto asiyeisikia vizuri tofauti ya p na b hawezi kuiona kwenye karatasi, hata umkalishe mpaka usiku wa manane.

Kisha hesabu siku yake ilivyo. Watoto wetu wa Tanga wana siku ndefu: shule asubuhi, chuoni (madrasa) mchana, twisheni jioni, halafu katuni mpaka saa nne usiku. Mwingine ameondoka nyumbani kwa chai kavu. Kabla hujaongeza somo jingine, ondoa kitu. Ningekuwa mimi ningeondoa twisheni, hasa ile ya watoto 30 sebuleni wanaonakili ubaoni, kwa sababu tatizo la mtoto huyu ni kwamba hakuna anayemsikiliza akisoma peke yake, na pale pia hakuna.

Wapo watakaokushauri dua au kombe, yaani aya zilizoandikwa na kuoshwa kwa maji ya kunywa. Hilo ni la imani yako na sina neno nalo. Ila macho bado yapimwe hospitali.

Kipimo cha kujua alipokwama

Chukua katoni au boksi la biskuti, likate vikadi, uandike kwa maka peni nyeusi, herufi ndogo, kubwa za kuonekana. Kaeni wawili tu, ndugu zake wasiwepo kumtolea majibu. Usimsahihishe wala kumfundisha leo, andika tu pembeni alichosema. Akishindwa vitu vitatu mfululizo kwenye ngazi moja, simama hapo.

1. Masikio peke yake, bila karatasi. Apige makofi kwa kila silabi: ki-ti, ka-la-mu, sa-ma-ki. Kisha muulize: mama, meza, moto, yote yanaanza na sauti gani?
2. Sauti za herufi. Changanya kadi. Ukizipanga a, b, ch, d atakuimbia.
3. Silabi nyepesi, nazo zimechanganywa: su, ma, ki, to, le, bu. Si ba be bi bo bu kwa mpangilio.
4. Maneno ya silabi mbili: kisu, moto, simu, tasi.
5. Maneno yasiyokuwepo: lopi, teku, sabe, muga. Mwambie ni majina ya majini wa kwenye hadithi. Asiyejua kuunga anaweza kuibahatisha kiti kwa kuona ki, lakini teku hawezi kuibahatisha.
6. Maneno yenye sauti zilizoungana: mbuzi, ng'ombe, chungu, nyanya, kwetu, mtoto.
7. Sentensi tatu fupi, halafu swali la maana. "Nani aliyekula muwa?"

Ngazi ya tano ndiyo inayofichua zaidi. Wapo watoto waliokariri kitabu kizima cha darasa. Wanafungua ukurasa, wanatazama picha, na maneno yanatoka sawasawa kama yalivyoandikwa. Mama anafurahi, kumbe ni kumbukumbu. Chuoni nako hivyohivyo, mtoto anaweza kuwa na sura nyingi kifuani bila kuitambua hata alama moja ya sura hizo kwenye ukurasa. Kukariri si kosa na ni kipaji kikubwa, ila kusipimwe kwa jina la kusoma.

Sasa unajua pa kuanzia. Aliyekwama ngazi ya tatu hana haja ya kurudishwa ya kwanza, na aliyekwama ya kwanza usimpe kitabu. Ukitaka, anza ngazi moja chini ya alipokwama, ili siku za mwanzo apate kushinda.

Masikio kabla ya herufi

Kusoma kunaanza na kujua kwamba neno linakatika vipande. Mtu mzima anaona hilo ni jambo dogo, lakini wapo watoto ambao kwao "samaki" ni kitu kimoja kisichokatika, kama samaki mwenyewe.

Bahati nzuri watu wa pwani tuna mchezo wetu wa tangu zamani, kinyume. Silabi ya mwisho unaipeleka mbele: mbuzi inakuwa zimbu, maji inakuwa jima, kitabu inakuwa bukita. Wakubwa walikitumia kuficha siri mbele ya watoto, na watoto nao wakakijua. Mtoto anayeweza kusema "ndetwe nisoko" badala ya "twende sokoni" ameshakata maneno kwa silabi kichwani mwake, kazi ambayo kitabu kingehitaji miezi kumfanyisha. Anzeni na maneno ya silabi mbili, mkiwa jikoni au njiani, na mwache yeye akutegeshee wewe. Utakosea, naye atacheka, na kicheko hicho ni sehemu ya dawa.

Mchezo mwingine ni wa samaki. Wewe unasema "naenda sokoni kununua samaki anayeanza na pa", yeye anasema papa. "Po", pono. "Ta", tasi. Ukiona amezoea silabi, shuka kwenye sauti moja: "kinachoanza na k", kolekole, kibua. Siku nne tano za michezo hii zinawatosha wengi, aliyekwama ngazi ya kwanza mpe wiki tatu.

Herufi kumi za kwanza

Usifundishe alfabeti nzima kwa mkupuo. Chukua irabu tano, a e i o u, na konsonanti tano, m, s, l, k, t. Herufi hizo kumi peke yake zinatoa silabi 25, na silabi hizo zinatoa mama, kaka, kuku, moto, simu, kisu, kiti, meli, sita, tamu, kalamu, soma, lala, sukuma. Mtoto anasoma maneno ya kweli kabla hajaiona hata b.

Taja sauti, si jina la herufi. M ni "mmm", mdomo umefungwa. Ukisema "em", mtoto atakuuliza mbona em na a haisomeki "ema", naye atakuwa na haki. S ni "sss". Kwa k na t sauti ni fupi mno, zikate haraka bila kuzivutia e nyuma yake.

Mahali pa kuandikia ni pengi. Mchanga mkiwa ufukweni Raskazone, unga kidogo kwenye sinia, chaki kwenye sakafu ya baraza. Aandike herufi kubwa kwa kidole huku akiitamka. Mkono unakumbuka kitu ambacho jicho limekisahau.

Baada ya kumi za kwanza endelea na n, b, p, w, y, h, halafu j, f, z, v, g, d, r. B na d zitenganishe kwa wiki kadhaa, maana ndizo zinazochanganywa kuliko zote. Akishazijua zote mbili na bado anazigeuza, mwambie akunje ngumi mbili, dole gumba juu, vifundo vya vidole vikitazamana: ngumi ya kushoto ni b, ya kulia ni d. Kisha andika neno bado. B iko kushoto, d iko kulia, kama ngumi zake. Kugeuza herufi katika umri huu ni kawaida kabisa, usimtie hofu.

Kuunga: hapa ndipo wengi wanapokwama

Mtoto anasema "m", anasema "a", ukimuuliza pamoja ni nini anakuambia "mua". Haoni namna sauti mbili zinavyokuwa moja. Usimwambie "m na a ni ma, kariri". Mwonyeshe.

Anza na sauti zinazovutika: m, s, l, n, f. Weka kidole chake kwenye m, avute "mmmmm", na bila kukata pumzi kidole kiteleze mpaka kwenye a: "mmmmaaa". Tena kwa kasi zaidi. Tena. Mara ya nne au ya tano utamwona macho yakifunguka. Fanya hivyo kwa sa, la, na. Sauti kama k, t, b na p hazivutiki, ndiyo maana zinafuata baadaye. Kwa hizo mdomo ujiandae kutamka k, ndipo atazame irabu na kuitoa yote kwa mkupuo mmoja: ka.

Akishaunga silabi, leta vifuniko vya chupa za maji. Andika silabi moja kwenye kila kifuniko, vifuniko 20 vinatosha. Mwekee ki na su: kisu. Ondoa su, weka ti: kiti. Ondoa ki, weka ma: mati. "Hakuna neno hilo!" atasema. Sahihi, na ameweza kujua kwa sababu amelisoma. Mwache atengeneze maneno ya ajabu kadiri anavyotaka. Kubadilisha kifuniko kimoja kwa kimoja kunamlazimisha atazame kila silabi, badala ya kutazama ya kwanza na kubahatisha iliyobaki.

M iliyosimama peke yake, na ukoo wa ng

Mtoto aliyefundishwa kwamba m siku zote inafuatwa na irabu atasoma mtoto "mutoto" na mkate "mukate". Mpigishe makofi: m-to-to, makofi matatu. M-ka-te. M-tu, mawili. Kofi la kwanza ni la m peke yake, mdomo umefungwa. Halafu mwonyeshe mbuzi: mbu-zi, mawili tu, hapo m imebebwa na b. Usijaribu kumpa kanuni ya lini m inasimama na lini inabebwa, maana hata mbu na mbuzi zinaanza sawa, lakini kwenye mbu m ina kofi lake, m-bu, na kwenye mbuzi haina. Masikio yake yanajua tayari, anachohitaji ni kuruhusiwa kuyasikiliza.

Ng na ng' fundisha kwa makundi mawili, siku tofauti. Kundi la ngoma: ngazi, nguo, nguru. Kundi la ng'ombe: ng'oa, ng'ara, ng'onda. Mwambie kile kialama cha juu kinaituma sauti puani. Watoto wa nyumba zinazoanika samaki hawakosei ng'onda.

Ch, sh, ny, dh, th na gh zichukuliwe kama herufi moja yenye umbo la mbili, kila moja na kadi yake. Hapo pwani tuna nafuu, maana mtoto anayesema dhahabu na thelathini tangu utotoni anaisikia sauti anayotakiwa kuiandika. Kwa, mwa, bwa, pwe, mbwa na nyinginezo zije mwisho.

Nyumba inayozungumza Kidigo, Kibondei au Kisambaa isiache lugha yake kwa sababu ya shule. Ila hakikisha maneno unayomsomesha ayajue kwanza kwa kuyasikia, maana mtoto hawezi kugundua kwamba amesoma sawa neno ambalo hajawahi kukutana nalo. Na akisoma lala akatamka "rara", lakini ukimuuliza maana akakulazia kichwa begani, amesoma. Matamshi ni somo jingine, la siku nyingine.

Vitu vya kusoma vipo ndani ya nyumba

Usingoje vitabu. Kabati la mama limejaa maandishi. Jina la kanga ni sentensi fupi, lina maana, na kwa kawaida limeandikwa kwa herufi kubwa, ambazo mtoto atazihitaji pia. Panga kadi za herufi kubwa kando ya ndogo siku mbili tatu, kisha tandika kanga mkekani.

Hivi ndivyo kazi inavyokwenda ikienda vizuri. Bibi ana kanga yenye DUA LA KUKU HALIMPATI MWEWE.

"Haya soma, babu."

"Dua... la... ku-ku... hapati mwewe."

Bibi hasemi amekosea. Anaweka kiganja juu ya neno, anaacha wazi HA peke yake.

"Ha," mtoto anasema. Kiganja kinasogea. "Li." Kinasogea. "M." Anasita. "Pa. Ti. Ha-li-m-pa-ti. Halimpati!"

"Nani hapatwi?"

"Mwewe. Kuku anamwombea dua mbaya, hapatwi."

"Kwa nini anamwombea?"

"Si anamlia watoto wake!"

Bibi hakulitamka neno, alilifunua tu. Pia hakuishia kwenye kutamka, aliuliza maana. Mtoto anayesoma bila kuulizwa maana hujifunza kupiga kelele za maneno tu.

Mkitoka, soma naye vibao: duka la dawa, chumvi, saluni ya kiume, maandishi ya nyuma ya bajaji. Jina la mtaa. Pakiti ya unga. Na Jumamosi moja moja mpeleke Maktaba ya Mkoa pale mjini, uulizie vitabu vya watoto, achague mwenyewe hata akichagua cha picha tupu.

Namna ya kukaa naye

Dakika 10 hadi 15, kila siku, saa ileile. Baada ya kutoka chuoni na kula kitu, kabla ya Magharibi, mwanga ukiwa bado upo. Saa nzima ya Jumapili haina faida ya dakika 10 za kila siku, na ikizidi 20 mtoto wa miaka saba ameshaondoka, umebaki na mwili wake.

Dakika mbili za mwanzo ni za kitu anachokijua vizuri. Kisha kitu kimoja kipya, kimoja tu. Kisha asome. Malizia na hadithi unayomsomea wewe, kidole chako kikitembea chini ya maneno, ama mtegee kitendawili.

Akikwama kwenye neno, nyamaza. Hesabu moyoni mpaka tano. Wazazi wengi wanashindwa hapa, ulimi unawasha. Akishindwa bado, ziba neno ufunue silabi kwa silabi kama yule bibi. Akishindwa tena, mtamkie, alirudie, msonge mbele, uliandike kadi kwa ajili ya kesho. Kofi, kubezwa na "mdogo wako anajua" vifungiwe nje ya chumba. Mtoto mwenye hofu anatazama uso wako kutafuta jibu badala ya kutazama karatasi.

Ukurasa mmoja usomwe siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza anahangaika, ya pili anatembea, ya tatu anasoma kwa lafudhi kama mtu anayezungumza. Wengine hudhani kurudia ni kupoteza muda, kumbe wepesi unapatikana hapo. Kama una shaka amekariri, anza katikati ya ukurasa, au mwambie akuonyeshe neno kuku liko wapi.

Kila siku pia imla ya maneno mawili. Tamka kisu, yeye aandike. Anayeweza kuandika neno kwa kulisikia ameshalielewa kwa ndani, na makosa yake yatakuambia kinachofuata: akiandika "buzi" kwa mbuzi, kesho ni mb.

Kwa wenye watoto shule za mchepuo wa Kiingereza: huko A inaitwa "ei", E inaitwa "ii", I inaitwa "ai". Mtoto anayerudi nyumbani na majina hayo halafu akakutana na Kiswahili, i yake inagongana na e. Ushauri wangu ni aanze kusoma Kiswahili nyumbani mpaka kimkae, kwa sababu herufi zetu zinashika sauti zake bila kubadilika. Ujuzi wa kuunga akishaupata atavuka nao. Zile nyimbo za alfabeti za kwenye simu zizimwe kwa muda.

Rudia kipimo, na zungumza na shule

Kila baada ya wiki nne fanya tena kipimo kilekile na ulinganishe na ulichoandika. Aliyepanda ngazi moja anakwenda vizuri. Likizo za Juni na Desemba msiache, hata kama anapelekwa kwa babu Muheza au Lushoto: mfungie vifuniko vyake kwenye mfuko, mweleze atakayekaa naye.

Nenda shuleni na karatasi yako ya kipimo. "Shikamoo mwalimu, mwanangu anaunga silabi nyepesi lakini mb na ng' zinamshinda" ni maneno ambayo mwalimu anaweza kuyafanyia kazi siku hiyohiyo. "Mwalimu, mbona mwanangu hajui?" hayampi pa kushika. Omba akae mbele, na asiitwe kusoma mbele ya darasa kitu ambacho hajakiandaa. Kuhusu kukariri darasa, yaani kurudia mwaka, mimi siungi mkono kama kitakachorudiwa ni kilekile kwa namna ileile.

Ukiwa umefanya haya miezi mitatu minne, kila siku kweli, macho na masikio yakiwa salama, na bado hasogei, huenda ana disleksia. Ni ugumu wa kuzaliwa nao katika namna ubongo unavyounganisha sauti na maandishi, mara nyingi upo katika ukoo, na hauhusiani na akili kuwa ndogo. Makadirio yanayotajwa sana ni watoto 5 hadi 10 katika kila 100. Katika lugha zinazoandikwa kama zinavyotamkwa, kama Kiswahili, Kiitalia na Kifini, dalili kubwa ni mwendo: mtoto anapatia maneno lakini kwa taabu na polepole sana, hata anapofika mwisho wa sentensi ameshasahau mwanzo. Imla yake hujaa herufi zilizorukwa. Ukimsimulia hadithi kwa mdomo anaielewa yote na kuuliza maswali ya kikubwa.

Njia za kumfundisha ni hizihizi, ila kwa hatua ndogo zaidi na kurudia mara nyingi zaidi, naye atasoma, kwa kuchelewa. Mwombe daktari akuelekeze kwa mtaalamu wa watoto au wa elimu maalumu, na zungumza na mwalimu mkuu kuhusu muda wa ziada wakati wa mitihani. Na kwenye hesabu, mwombe mwalimu amsomee swali kwa sauti. Wengi wa watoto hawa kujumlisha na kutoa wanakujua vizuri, wamekuwa wakikosa alama kwa kushindwa kulisoma swali.